Baba Akamkumbatia



Ijumaa jioni tulikwenda familia kadhaa kwenye sinema ya hapa Lakeville kuangalia "Bohemian Rhapsody", filamu ya maisha ya Freddie Mercury wa kundi la Queen. Vijana ndio waliotuomba. Tangu hapo wapo waliouliza: watu wa kanisa wanatafuta nini katika maisha ya mwanamuziki yule? Swali ni la haki, na filamu yenyewe si ya watoto wadogo. Lakini tulilia, na wababa ndio walioanza.

Huyu alizaliwa kwetu, Zanzibar, mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Baada ya mapinduzi ya 1964 familia yake ilikimbilia Uingereza kuanza upya, kama sisi tulivyoanza upya kwenye theluji hii. Huko kijana akabadilisha jina. Katika filamu baba yake, Mparsi mwenye kushika dini yake, anamsisitizia mawazo mema, maneno mema, matendo mema. Jina jipya likitajwa nyumbani, mzee anaumia. (Nasi tuna akina Baraka wanaoitwa Brad shuleni, tunajua linavyochoma.)

Kisha, siku ya tamasha la Live Aid, 13 Julai 1985, mwana anakuja nyumbani, na baba anamkumbatia. Hakuna kikao cha wazee wala orodha ya makosa. Someni Luka 15:20 polepole. Yule baba alikimbia na kumkumbatia mwanawe akiwa bado hajafungua kinywa. Maungamo yalikuja baadaye, na hata hayo baba hakungoja yamalizike.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunaona kinyume chake. Mgonjwa wa kwetu anatuvuta karibu na kunong'ona kwa Kiswahili: msiwaambie ndugu zangu. Wakifika na chakula, anasema ni sukari tu. Anaogopa nyuso zetu kuliko virusi. Freddie alitangaza kwamba ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafariki. Dawa za mchanganyiko zilizogeuza mambo zilikuja miaka mitano baadaye. Leo anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake, na anaweza kulea watoto wake hadi wakaoa. Anayejificha hazipati.

Tarehe 1 Desemba ni Siku ya UKIMWI Duniani. Leo baada ya ibada tutakaa chumba cha nyuma, chai ipo. Anayetaka kuuliza habari za kupima aje, hatuandiki jina la mtu. Na mzazi ambaye mwanawe hapokei tena simu zake, naye aje, tuombe pamoja kisha tumpigie.