NAFAKA SI KIBABA CHA MTAMA PEKE YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo kisha akamlisha kwa yatokayo katika udongo. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Neno nafaka katika vinywa vya watu wa pwani lina maana mbili. Mke akimshitaki mumewe mbele ya Kadhi kuwa hapewi nafaka, maana yake ni matumizi yampasayo mume kwa watu wa nyumba yake. Hiyo ndiyo maana ya asili, nayo yatoka katika Kiarabu. Na mtu akisema kuwa amekwenda sokoni kununua nafaka, maana yake ni mtama, mahindi, mchele, uwele na punje za namna hiyo. Neno ni moja: Kiswahili kilichukua jina la wajibu mzima kikalipa punje. Katika lugha hapana ubaya. Ubaya uko pale mwanamume afanyapo nyumbani mwake kama ilivyofanya lugha, akaingiza gunia la mchele au la unga mwanzo wa mwezi, akajiona kuwa amekwisha kutoa nafaka, na habari ya kitoweo akamwachia mke atafute ajuavyo.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wayafuatayo wengi katika watu wa pwani, hawakuliacha jambo hili bila ya kipimo. Wamesema ya kuwa mume mwenye wasaa imempasa mudi mbili kila siku, wa kati na kati mudi moja na nusu, na maskini mudi moja, za chakula kiliwacho zaidi katika mji ule. Wala hawakukoma hapo. Baada ya punje wametaja kitoweo, wakakifanya kuwa ni wajibu wa peke yake: mafuta, samli, jibini, tende na mfano wa hivyo, kwa desturi ya mji, nacho hubadilika kwa kubadilika majira. Kisha wametaja nyama, kwa kadiri ya uwezo wa mume na ada ya mahali. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameyaweka hayo katika kitabu chake cha Minhaj, ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma tangu zamani. Basi aliyetoa punje bila ya kitoweo ametoa fungu moja na fungu la pili lingali deni juu yake.

Na haya yaafikiana na yaliyomo katika Sura Abasa. Humo, tangu aya ya 24, mwanadamu ameamrishwa akitazame chakula chake. Kisha Mwenyezi Mungu akataja jinsi mvua ilivyomiminwa na ardhi ilivyopasuliwa ikatoa punje. Na baada ya punje zikafuata zabibu na mboga, zaituni na mitende, mabustani na matunda. Punje zimetangulia, kwani ndizo tegemeo la tumbo. Lakini hazikutajwa peke yake.

Mfano wa haya hauna haja ya kutafutwa mbali. Wazee wa pwani waliuona kwa macho katika njia ya bara, itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikakata nyika ya Mgunda Mkali mpaka Tabora ya Unyanyembe, na kutoka huko ikashuka mpaka Ujiji kando ya ziwa Tanganyika. Kufika Tabora ilikuwa mwendo wa miezi mitatu, na pengine zaidi. Waingereza Burton na Speke waliotoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857 waliingia Kaze, ndiyo Tabora hiyo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua mizigo ya ratili 60 na 70, pembe za ndovu zikishuka na nguo na shanga zikipanda. Na posho ya mpagazi ilikuwa ni kibaba kimoja cha punje kwa siku, yaani robo ya pishi, kadiri ya ratili moja na nusu.

Kibaba hicho kwa hesabu ya leo champa mtu nguvu ya kalori 2,200 hivi. Mtu mzima mwenye mzigo wa ratili 70 kichwani, aendaye saa tano au sita juani, hutumia zaidi ya 3,000. Yaani mpagazi aliyekula posho yake yote, asibakishe hata punje, alikuwa akiula mwili wake mwenyewe kila siku. (Na waliochukuliwa utumwani katika njia hiyo hiyo hawakuwa na yakini hata ya kibaba hicho, hilo nalo lisisahauliwe watu wasifiapo misafara ya zamani.) Lililomfikisha mpagazi safari yake ni yale aliyoyaongeza: karanga, kunde, asali ya msituni, nyama ya mnyama aliyewindwa, mboga zilizochumwa na wanawake waliofuatana na misafara, na siku za kupumzika vijijini.

Hapo pana siri ya umbile la mwili, nayo si ngumu kuifahamu. Wanga ulio katika mtama, mchele na muhogo ni kuni. Huwaka, mtu akapata nguvu ya kutembea na kufanya kazi. Lakini nyama ya mwili, damu, ngozi na ubongo haviumbwi kwa wanga. Hivyo vyataka protini, ipatikanayo katika samaki, nyama, mayai, maziwa, na katika kunde, choroko, maharage na karanga. Damu yataka madini ya chuma, mifupa yataka kalsiamu, macho yataka vitamini A, na mishipa ya fahamu yataka vitamini za aina ya B. Vitu hivi kipimo chake ni kidogo mno, wala kupungukiwa navyo hakuleti njaa. Tumbo limejaa, mtu ashukuru Mungu na alale. Kumbe damu yapungua, na mtoto amekoma kukua.

Watu wa mchele yawapasa waijue khabari moja. Katika miaka ya 1890 huko Java tabibu wa Kiholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu na kuanguka. Walipopewa mchele ambao ganda lake la ndani halikuondolewa, walipona. Ugonjwa huo kwa wanadamu waitwa beriberi, na dawa yake ilikuwa ikitupwa pamoja na pumba. Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Weupe wa mchele, ambao watu huusifu karamuni, ni weupe wa kilichopotea.

Sasa itazamwe tena njia ya Tabora, itaonekana kuwa Mwenyezi Mungu aliweka kando yake karibu kila kitoweo ambacho kibaba kilikihitajia. Waarabu na Waswahili waliokaa Tabora walilima mpunga na ngano, wakapanda miembe na ndimu na mapapai, na hata leo miembe mikubwa yaonyesha mahali walipokaa watu wa misafara. Embe bivu rangi yake ya manjano ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Nayo huiva wakati mvua zinapoanza, ghala zikiwa zimepungua na shamba lingali bichi. Pamoja na hayo maembe huoza chini ya miti, na mtoto wa nyumba ile ile akala ugali kwa chumvi.

Karanga ziko Unyamwezi tangu zamani, mafuta na protini pamoja. Waingereza walipotaka mafuta baada ya vita walifungua mashamba makubwa ya karanga kwa mashine, Kongwa na Nachingwea na Urambo iliyo magharibi ya Tabora. Wakaanza mwaka 1947, wakauacha mpango huo mwaka 1951 kwa hasara kubwa. Karanga za jembe la mkono za akina mama wa Urambo zilikuwapo kabla yao na zikabaki baada yao. Yapasa tu zichaguliwe na zikauke vema. Karanga au mahindi yaliyoota kuvu yana sumu ya aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kuzipepeta zile mbovu na kuwapikia watoto uji ni dhulma, hata kama bei yake ni nafuu.

Asali ya Tabora sifa zake zajulikana, na Qur'ani katika Sura Nahl imetaja kuwa ndani yake mna ponya kwa watu. Hata hivyo mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali. Matabibu wamekataza, kwani pengine huwa na vijidudu visivyomdhuru mkubwa, lakini tumbo la mchanga haliviwezi. Na aliyepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kuwa alimtia mtoto mchanga kitu kinywani alimtia tende iliyotafunwa.

Ujiji iko mawese, mekundu kama damu, nayo yana vitamini A tele; mwenye kuyachemsha sana mpaka yakawa meupe amekwisha kuitoa faida hiyo. Huko huko wako dagaa, ambao huliwa na mifupa yao, na mifupa hiyo ni kalsiamu. Dagaa mkavu hubebwa mbali wala haozi upesi, na konzi moja iliyosagwa katika uji wa mtoto ina thamani kuliko bakuli la pili la uji mtupu. Na Uvinza, katikati ya Tabora na Ujiji, ziko chemchemi za chumvi ambayo zamani ilikuwa ni bidhaa ya njia yote. Chumvi huleta ladha, lakini shingo ya mtu yataka pia madini joto. Anayeyakosa huvimba rovu, na mwanamke mwenye mimba akiyakosa sana, akili ya mtoto hudhoofika kabla hajazaliwa. Kwa hiyo serikali ya Tanzania iliamuru katika miaka ya 1990 chumvi ya kula itiwe madini hayo, na mwenye kununua chumvi yapasa ainunue iliyotiwa.

Khabari ya umasikini ni kweli, wala hapana mwenye kuikataa. Lakini katika nyumba nyingi kitoweo hakikukosekana; kimegawanywa vibaya. Sinia hutangulizwa kwa wanaume, nalo lina kichwa cha samaki na minofu. Likirudi jikoni, mke mwenye mimba na mtoto wa miaka miwili hupata wali uliolowa mchuzi. Mchuzi wa samaki si samaki. Ladha imefika, protini imebaki kwa baba, ambaye mwili wake umekwisha kukua miaka 20 iliyopita. Utafiti wa serikali wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, kimo chao hakikulingana na umri wao. Siku za hatari zaidi ni 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka kutimiza miaka miwili. Kimo kilichopotea hapo ni vigumu kukirudisha baadaye kwa chakula chochote. Miaka miwili ndiyo muda wa kunyonyesha uliotajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 233, na katika aya hiyo hiyo baba ameamrishwa kumlisha na kumvika mama mwenye kunyonyesha. Maziwa ya mama yatosha peke yake miezi sita; baada ya hapo mtoto ataka chakula pamoja nayo, na chakula hicho hakiwezi kuwa maji ya unga.

Liko na jambo la mwiko. Mahali pengine mwanamke mwenye mimba hukatazwa mayai, ati mtoto atazaliwa bila ya nywele. Hilo halimo katika sharia wala katika tiba. Ni ada, na ada yenye kumdhuru mja mzito haina heshima ya kulindwa.

Na chai. Chai ya rangi inywewayo pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na ndimu huyasaidia kuingia. Kwa hiyo mchicha, kisamvu na maharage yakamuliwe ndimu, na chai ingoje kadiri ya saa moja. Haya hayana gharama. Ama sukari vijiko vinne katika kikombe, na mikate mieupe asubuhi na jioni, wenye maradhi ya kisukari mijini wamekwisha kuyaeleza kwa hali zao.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha ya kuwa Hind binti Utba, mke wa Abu Sufyan, alimwendea Mtume (S.A.W.) akashitaki kuwa mumewe ni mtu mwenye mkono mzito, hampi yenye kumtosha yeye na mwanawe. Mtume akampa ruhusa achukue katika mali ya mume, kwa wema na desturi, kadiri iwatoshayo yeye na mtoto. Na katika kisa hiki wanavyuoni wametoa hukumu kuwa mke asiyepewa haki yake ya nafaka na akaweza kuifikia mali ya mumewe, aichukue kwa kadiri ya haki hiyo bila ya kumtaka idhini, wala haitwi mwizi. Mwenye gunia lililojaa stoo na mfuko wa kitoweo uliofungwa, mkewe akitoa humo bei ya samaki na mboga za siku, hana la kumshitakia kwa Kadhi.

Wallahu aalam.