Fumua Mpaka Penye Kosa



Leo nataka kuzungumza nanyi, mabwana na mabibi, juu ya ukili. Sisi wa pande za Kilifi na Malindi tumelalia mikeka tangu utotoni, lakini wanaume wengi hatuijui kazi iliyomo ndani yake. Mimi nimejifunza ukubwani, na nilijifunza kwa sababu ya ugomvi.

Nilikuwa nimekopa fedha kwa siri. Mama watoto alipouliza karo, nilisema mshahara umechelewa. Mwezi wa pili nikasema nimemsaidia mgonjwa. Kila uongo uliufunika ule uliotangulia. Tukaanza kugombania chumvi, mlango ulioachwa wazi, hata wageni. Mwishowe tukanyamaza kabisa, watoto wakawa matarishi wetu: "Mwambie baba yako chakula tayari."

Jioni moja nilimkuta uani akisuka. Kwa kukosa la kusema, nikamwomba anifundishe. Miyaa, yaani majani ya mkoma ambayo wengine huyaita milala, huanikwa juani, kisha huchanwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane. Chane zikisukwa hutoka utepe mrefu, ndio ukili. Ukili ukishonwa kingo kwa kingo hutoka mkeka. Kabla ya kunipa chane, alizinyunyizia maji kwanza, maana chane kavu ukiikunja hukatika.

Nilisuka kama pima moja, nikajiona fundi. Yeye akaupitisha ukili vidoleni, akasimama karibu na mwanzo. "Hapa uliruka chane," akasema. Nikamwambia nitarekebisha huko mbele. Akajibu, "Baba watoto, ukiliacha hilo, ukili wote utakwenda upande. Fumua mpaka penye kosa."

Nikafumua kazi yote ya jioni ile. Nilipofika mahali penyewe, moyo ulinichoma, nikamweleza habari za deni. Alilia. Akauliza ni kiasi gani. Kisha akauliza lile lililoniumiza zaidi: kwa nini sikumwambia. Deni tulilimaliza baada ya mwaka mzima, yeye naye akiuza mikeka. Lakini ugomvi wa chumvi uliisha wiki ile ile.

Ndugu wapendwa, nimejifunza mambo matatu.

Kwanza, lainisha kabla ya kukunja. Usimkabili mwenzako akiwa amerudi kazini na njaa, wala mbele ya watoto au mama mkwe. Ngoja utulivu. Salini pamoja, hata Baba Yetu moja. Neno lile lile ambalo mchana lingevunja nyumba, usiku laweza kuijenga.

Pili, fumua, usifunike. Katika Sakramenti ya Kitubio hatuishii kusema "mimi ni mkosefu". Tunalitaja kosa lenyewe. Na nyumbani ni vivyo hivyo. "Nisamehe kama nimekukosea" ni kiraka tu. Sema: "Nilikudanganya juu ya fedha." Lakini angalieni: mama watoto hakunifumulisha mikeka ya miaka iliyopita. Kosa lililokwisha kusamehewa lisifukuliwe kila mnapokosana.

Tatu, ukubali kushonwa. Ukili mmoja haumezi mwingine; shazia hupita katika kingo zote mbili. Hata kwenye cherehani, uzi wa juu ukivuta kupita kiasi, nguo hujikunja. Vivyo hivyo bwana akivuta peke yake, au bibi. Watazameni Akila na Prisila katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Walikuwa wamefukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine, wakafika Korintho, wakashona mahema pamoja, wakampokea Mtume Paulo nyumbani mwao. Walifanya kazi moja, wakala meza moja, wakamtumikia Bwana mmoja.

Neno moja la tahadhari. Bibi anayepigwa asiambiwe tu avumilie na kusuka upya. Aende mahali pa usalama, awaone watu anaowaamini, na paroko wake amsaidie. Uvumilivu wa Kikristo haumaanishi kumwachia mtu akuangamize.

Kwa mazungumzo ya nyumbani wiki hii:

1. Ugomvi wetu wa mara kwa mara ulianzia wapi hasa?
2. Kuna jambo gani la fedha ambalo mwenzangu halijui?
3. Ni kosa gani nililokwisha kusamehe, nami bado nalifukua?

Ee Bwana Yesu, uliyekubali kukaa chini ya paa moja na Maria na Yosefu, utupe mikono yenye subira ya kufumua tulipokosea, na moyo wa kuanza tena pamoja. Amina.