Mguu Mmoja, Kibanja Kizima

MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, nchi nzima ililia nasi watu wa Kagera. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilipoangusha nyumba zetu, michango ilikusanywa hadi Dar es Salaam. Ndege ilipotumbukia Ziwa Victoria Novemba 6, 2022 na kuua watu 19, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuja uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kuongoza maombolezo. Lakini kijana wa bodaboda anayevunjika paja pale Muhutwe huanguka peke yake, na mzigo wake hubebwa na nyumba moja tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na wengine kati ya milioni 20 na 50 hujeruhiwa. Redioni tunatajiwa waliokufa. Majeruhi husemwa kwa neno moja: wamelazwa. Habari ikiishia hapo, hasara ndiyo kwanza inaanza.

Mtu akivunjika Muleba, hupokelewa Rubya au Kagondo. Akihitaji kuwekewa vyuma huenda akapewa rufaa ya Bukoba, na ikishindikana, Bugando, Mwanza. Kila hatua ina nauli, tena ya watu wawili, maana mgonjwa haendi bila wa kumuuguza. Stakabadhi itaonyesha kitanda, dawa, eksirei na upasuaji. Haitaonyesha migomba iliyokosa matandazo mama alipokuwa wodini, wala hesabu ya wiki ambayo mwenye pikipiki bado anaidai.

Ndipo inapoingia butura. Kahawa ingali maua, mnunuzi anatoa fedha leo kwa bei anayoipanga mwenyewe, na msimu ukifika mavuno ni yake. Serikali imeikataza, nami naunga mkono, ila marufuku hailipi gharama za upasuaji. Kahawa isipotosha, kinamegwa kibanja, shamba la familia. Kwetu Wahaya kibanjani ndimo walimozikwa babu zetu. Kukiuza ni kumkaribisha mgeni juu ya makaburi yao. Wapo wanaume waliopona mguu lakini hawawezi tena kumtazama baba yao usoni. Jeraha hilo hakuna daktari anayelipiga picha.

Linaloniumiza zaidi ni kumalizana. Sheria inataka kila chombo cha moto kiwe na bima ya mtu wa tatu, na mtembea kwa miguu aliyegongwa anaweza kudai fidia. Lakini aliyegonga huja jioni na fedha kidogo pamoja na mzee wa kuheshimika, karatasi ikasainiwa, kwa kuwa jirani ni jirani. Mwezi haujaisha fedha zimekwisha, na mfupa bado haujaunga. Sipingi kusameheana; ni utu wetu. Ila mtu anaweza kumsamehe jirani yake na bado akaidai kampuni ya bima.

Dereva wa bodaboda aliyejiangusha mwenyewe hana hata nafasi hiyo ya kudai, kwa sababu bima ile haimlindi yeye. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Viongozi wa vijiwe vya bodaboda vya Kemondo, Kamachumu na Nshamba, wasajilini vijana wenu kwenye bima ya afya kabla hawajaanguka.

Nawe msomaji, ukikuta ajali, majeruhi awahishwe kutibiwa, namba ya chombo iandikwe, na fomu ya PF3 ichukuliwe polisi. Familia isisaini karatasi yoyote kabla daktari hajasema mguu huo utachukua muda gani kupona.