Mtazamaji Kando ya Njia

Macho hayana pazia, wahenga walisema, na kwa neno hilo wengi hujitoa lawamani kwa kila wakionacho. Jicho, kwa hoja hiyo, halina hiari. Hupokea kilicho mbele yake kama kioo kipokeavyo sura. Lakini mtu atokaye nyumbani alfajiri, akapanda gari la abiria, akatembea katika umande na kuchagua mahali pa kusimama, hakukutwa na tamasha, amelifuata. Kwa hiyo yafaa kuuliza: mtu aendaye kwa mara ya kwanza kutazama mashindano ya motokaa hutaka kuona nini hasa? Na je, yeye asiyeshika usukani ana sehemu yoyote katika sifa au lawama ya litakalotokea?

Katika Afrika Mashariki swali hili lina historia yake. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanywa siku za Pasaka, ambazo aghalabu ni siku za masika; na Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ulikuwa miongoni mwa miji iliyoyaona yakipita. Tangu katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki Kenya. Walakini ladha ya mbio haikuondoka Arusha. Mashindano ya magari ya kale, yaliyoanzishwa 2003 kwa kuikumbuka Safari ile, yamepita kaskazini mwa Tanzania kwa nyakati mbalimbali, na madereva wa Tanzania wenyewe wameshindana katika njia za vumbi za mkoa huo.

Na achukuliwe mtazamaji mgeni mmoja, awaye yote, asimamaye upande wa Oldonyo Sambu katika njia iendayo Namanga. Asubuhi ni ya baridi. Mlima umejifunika wingu mpaka mabegani. Watoto wamekaa juu ya kingo, wazee wamejitanda mashuka, na wauza ndizi wanapita katikati ya watu. Saa ya kwanza hupita, na ya pili. Kisha mngurumo husikika kabla ya kitu chochote kuonekana. Vumbi hupanda nyuma ya kilima. Motokaa hutokea, huteleza, hupotea. Yote hayo ni kiasi cha pumzi chache. Mgeni hushangaa kuwa amengoja nusu ya siku kwa ajili ya kitu kisichotosha hata kumaliza neno alilokuwa akilisema.

Baada ya motokaa mbili au tatu huona jambo jingine. Mahali palipo wazi, ambapo njia imenyooka na mtu aweza kuona mbali, hapana watu. Umati umesongamana penye kona kali, yenye changarawe na mtaro. Naye pia, pasipo kuambiwa na mtu, amekwisha sogea huko. Hapo ndipo swali linapomgeukia. Njia iliyonyooka ina mwendo mkubwa kuliko kona. Ikiwa alitaka kuona kasi, mbona ameiacha? Kona ina kitu ambacho njia iliyonyooka haina: yamkini ya kuanguka.

Watetezi wa mtazamaji watasema kuwa kona ndiyo mahali pa ustadi. Huko dereva hodari hutengana na dereva wa kawaida, kama nahodha ajulikanavyo katika dhoruba. Maneno hayo ni kweli, na hapana sababu ya kuyadharau. Safari yenyewe ilikuwa shule ya uvumilivu zaidi ya kuwa shule ya kasi. Mwaka 1963 zilianza motokaa 84 na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Mwaka 1968 tena zilifika 7. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa katika mashindano na mwingine kabla yao. Mtu aliyesimama kando ya njia akatazama subira ya namna hiyo hakupoteza siku yake. Amejifunza kuwa methali ya haraka kukosa baraka haiwi uongo hata katika mbio.

Lakini ustadi na ajali hukaa katika kona moja, na watu wawili wasimamao bega kwa bega waweza kuwa wamefuata vitu viwili. Kipimo cha kuwatenga kipo, nacho ni chepesi. Motokaa ikiyumba, ikaelekea mtaroni, kisha ikarudi njiani salama, mtu na auulize moyo wake: je, umefurahi, au umepungukiwa kidogo? Aliyependa ustadi hufurahi. Aliyepungukiwa alikuwa akingoja hasara ya mwenziwe. Ni vigumu kusema kuwa wapo watu wa aina moja tu au ya pili tu. Aghalabu fungu la kila mmoja limo katika kila moyo, na siku ya kwanza penye kona ni siku ya kuambiwa hivyo pasipo adabu.

Wengine hudai kuwa dereva amejitakia, kwa hiyo mtazamaji hana deni. Dai hilo lina kasoro mbili. Kwanza, ridhaa ya dereva ni ridhaa ya kushindana, si ya kuwa chakula cha macho. Pili, hatari haikai ndani ya motokaa peke yake. Tarehe 11 Juni 1955, huko Le Mans, Ufaransa, motokaa iligonga ukingo na vipande vyake vikarukia umati; watu zaidi ya 80 walikufa, karibu wote watazamaji. Mwezi Machi 1986, karibu na Sintra nchini Ureno, dereva alijaribu kuwakwepa watu waliokuwa wamejaa njiani, akashindwa kuishika motokaa, ikavamia umati. Watazamaji watatu walikufa na wengi walijeruhiwa. Madereva wakuu wa viwanda walikataa kuendelea na mashindano yale. Watu waliokuja kutazama hatari walikuwa wamekwisha kuwa hatari yenyewe. Hakuna basi mahali nje ya jambo ambapo mtazamaji aweza kusimama akasema, mimi natazama tu.

Kando ya Meru neno hili lina uzito zaidi, maana njia ya mbio si uwanja. Ni njia ya mtu aendaye shambani, ya ng'ombe waendao majini, ya mtoto atumwaye dukani. Katika Safari ya zamani njia hizo hazikufungwa. Mtoto hakutoa ridhaa yoyote. Mtu mzima amwonaye mtoto huyo akikaribia ukingo ili aone vizuri, naye akanyamaza kwa kuogopa kukosa motokaa ipitayo, amekwisha chagua.

Hata hivyo njia hizo hizo zilionyesha tiba. Masika yalipogeuza udongo kuwa uji, motokaa zilizama hadi milangoni, na watu wa vijijini waliingia matopeni kuzisukuma. Wengine waliomba ujira, wala si aibu. Wengine walitaka kusimulia tu kuwa mikono yao iliigusa. Walakini wote walivuka mpaka uliokuwa kati ya macho na mikono. Aliyesukuma alitaka motokaa iende. Moyo uliokuwa umegawanyika penye kona uliungana matopeni, kwa kuwa ni vigumu mtu kuombea anguko la kitu alichokitegemeza kwa bega lake.

Jioni mtazamaji mgeni hurudi mjini kwa miguu au kwa gari, akapita penye Mnara wa Saa pamoja na watu wengine wenye vumbi katika nyusi. Akiulizwa ameona nini, atataja rangi za motokaa na jina la aliyetangulia. Lakini akirudi mwaka wa pili, mahali atakapochagua kusimama ndipo patakapojibu swali hilo kwa kweli.