Wallahi Niliyoiandika kwa Furaha



 Ndugu zangu wanafunzi, nataka tuzungumze juu ya neno moja tunaloliandika kwenye simu kila siku, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Tazama kundi la WhatsApp la darasa siku inapoingia habari njema. Huyu "Aisee!", yule "Banange!", Wakenya wetu "Weeeh!", mwingine anamwaga alama za moto mstari mzima. Sisi Waislamu tunaongeza yetu: "Wallahi umetisha!" Hapa Uganda hata wasio Waislamu wanalisema. Limekuwa kelele kama kelele nyingine.

Sina ugomvi na kelele ya furaha. Abu Said al-Khudri (r.a.) amesimulia, na hadithi iko kwa Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia masahaba anatumai watakuwa robo ya watu wa Peponi. Wakapiga takbira. Akasema theluthi, wakapiga takbira. Akasema nusu, takbira tena. Sayyidna Umar (r.a.) naye, alipohakikishiwa na Mtume kwamba hakuwataliki wake zake, "Allahu akbar" ilimtoka palepale. Kwa hiyo dini haikutuziba midomo. Lakini takbira ni dhikri, na Wallahi ni kiapo. Tofauti hiyo niliisoma darasani, nikaijibu kwenye mtihani, na alama nikapata nzuri tu.

Muhula uliopita mwenzetu mmoja, Mkristo, aliandika kwenye kundi kwamba ameitwa Kampala kwenye usaili wa ufadhili wa masomo. Kundi likawaka. Akauliza kwa aibu kama kuna wa kumkopesha nauli. Mimi, katika msisimko ule ule, nikaandika: "Wallahi elfu ishirini yako iko kwangu, kesho alfajiri!" Nikapigiwa makofi ya kwenye simu. Wawili waliokuwa wanataka kujitolea wakanyamaza, maana jambo limekwisha.

Sikuwa na elfu ishirini. Nilikuwa na mtu aliyeahidi kunilipa deni usiku ule, naye hakunilipa. Baada ya swala ya alfajiri niliona haya, nikazima simu, nikalala.

Alipata nauli saa nne, akafika usaili umefungwa. Jioni aliponikuta hakunigombeza. Alisema tu: "Baba yangu anauza mahindi. Mwislamu akimwambia Wallahi, hazihesabu tena zile pesa. Mimi nilidhani ni neno lile lile."

Nilikwenda kwa sheikh wetu nikiwa na hoja yangu mkononi. Nikasema: Sheikh, hiki si kiapo cha laghwi? Allah ametuambia katika Suratul-Baqara, aya ya 225, kwamba hatutushiki kwa viapo vya aina hiyo, na Bi Aisha (r.a.) amesema ni mtu kusema "La wallahi" na "Bala wallahi" katika mazungumzo yake. Imam Shafi'i akaishika kauli hiyo. Vijana tunaandika hivyo kwa furaha tu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, ulipoandika, ulikusudia kumpa?"

"Ndiyo, Sheikh. Wakati ule nilikusudia kabisa."

"Basi hilo halikuponyoka ulimini. Umeapa."

Hoja yangu iliishia hapo. "Wallahi umetisha!" inayomtoka mtu bila moyo kushika kiapo inaweza kuwa laghwi, ingawa jina la Allah halistahili kuwa la kupasha moto mazungumzo. Lakini furaha ndiyo hutufanya tukusudie makubwa, na tukishaweka Wallahi juu ya ahadi ya kesho, kuisahau kesho hakuifuti.

Nikasema, haya, nitafunga siku tatu. Sheikh akacheka. Hapa wengi wetu tunakosea, nami nilikuwa mmoja wao. Suratul-Maida, aya ya 89, inataja kwanza kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Kufunga ni kwa asiyeweza hayo. Kwa madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila maskini, na ukitaka kujihami kadiria robo tatu ya kilo. Akaniuliza bando langu la mwezi ni shilingi ngapi. Sikumjibu.

Nilinunua unga wa mahindi, nikaufunga mifuko kumi, nikaisambaza kwa miguu Jumamosi nzima. Ulinigharimu kuliko ile elfu ishirini.

Sheikh alinikumbusha pia kwamba kafara ni kati yangu na Mola wangu. Yule kijana bado ananidai. Nikampelekea elfu ishirini, wiki tatu zimeshapita. Akaniuliza ya nini sasa, basi lilishaondoka. Nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, kisha akaipokea.

Usaili mwingine ni mwakani. Nimemwambia nauli ya safari hiyo naiweka akiba kidogo kidogo. Akanitazama: "Hiyo ni Wallahi, au ni ya furaha?"

Nikamwonyesha bahasha.