Usimsingizie Jini Sauti ya Bomba

Katika miji yetu yenye mgao wa maji kuna sauti ambazo karibu kila mpangaji anazijua. Usiku wa manane bomba la bafuni linaguna, kishindo kinapiga ndani ya ukuta, koki iliyokauka tangu juzi inaanza kupumua. Wapo wanaomwita fundi, na wapo wanaomwita shehe, mchungaji au mganga. Mabishano yao huchukuliwa kuwa ni ya elimu dhidi ya dini: anayetafuta hewa ndani ya bomba anaonekana hana imani, na anayesoma dua anaonekana hana elimu. Mgawanyo huo haufai. Anayeamini kuwa ghaibu ipo ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kulichunguza bomba, maana yeye ndiye anayejua uzito wa kuizulia ghaibu jambo ambalo haikulifanya.

Tuanze na bomba lenyewe. Maji yanapokatwa, mabomba ya mtaani hayabaki yamejaa. Nyumba za bondeni huendelea kuteka kilichobaki, na hewa huingia kupitia koki zilizoachwa wazi na viungo vinavyovuja. Maji yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yake: koki hukohoa, hutema maji na upepo kwa zamu, na mita huweza kuzunguka kabla tone halijaingia kwenye ndoo. Maji ya kwanza mara nyingi hutoka meupe. Yakingwe kwenye glasi, yatazamwe: weupe huanza kutoweka chini na kupanda juu, kwa sababu ni vipovu vya hewa vinavyopaa, ilhali uchafu ungetuama. Kishindo cha ukutani kina asili nyingine. Mwaka 1898 mwanasayansi Mrusi Nikolai Joukowsky alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwenye mabomba ya maji ya Moscow, akaonyesha kwamba maji yakisimamishwa ghafla, mwendo wake hugeuka kuwa wimbi la shinikizo linalokimbia ndani ya bomba. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakikatwa ghafla huongeza shinikizo linalolingana na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 100 na zaidi. Bomba lisilobanwa vizuri litagonga ukuta. Na kwa nini usiku? Watumiaji wamelala, kwa hiyo presha imepanda. Tenki linakaribia kujaa, kwa hiyo boya linatetemeka likifunga na kufungua. Na nyumba iko kimya, kwa hiyo kila kitu kinasikika.

Je, kuyajua haya kunapunguza imani? Mwaka wa 10 wa Hijra, siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume Muhammad (S.A.W.), jua lilipatwa mjini Madina. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Tafsiri hiyo ilikuwa ya heshima, na ilimpa hadhi mfiwa mwenyewe. Hata hivyo Mtume aliikanusha, akafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa sababu ya kifo cha mtu wala uhai wake. Naye aliwaswalisha watu. Swala ilibaki, uvumi ukaondolewa. Karne kadhaa baadaye Imamu Ghazali (1058–1111), katika utangulizi wa kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alionya kwamba anayezikataa hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, anaidhuru.

Atakayepinga atasema kwamba Ghazali huyohuyo alifundisha kuwa moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake. Mungu ndiye anayeumba kuungua pale viwili hivyo vinapokutana. Basi hewa nayo haina nguvu ya kuguna, na mlango umebaki wazi kwa lolote. Hoja hii ina uzito, na mwanafalsafa Ibn Rushd aliandika kitabu kizima kumjibu Ghazali. Lakini hata tukiikubali yote, jini hapati nafasi humo. Ghazali aliuvua moto nguvu akamrudishia Mungu, hakuzigawa kwa majini. Tena alikiri kwamba Mungu ameyaendesha mambo kwa desturi, akatutia ujuzi wa desturi hiyo. Ndiyo maana hakuna anayeondoka nyumbani akihofia kwamba mtungi wa maji aliouacha utakuwa umegeuka mtufaha. Fundi anayesikiliza bomba anaifuata desturi hiyohiyo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard aliandika habari za Wazande, ambao leo nchi yao imo ndani ya mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Afrika ya Kati. Ghala la nafaka likiwaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Wazande walijua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa jingine: kwa nini lianguke wakati huo, juu ya watu hao? Vivyo hivyo mwenye nyumba atasema: habari ya hewa nimeielewa, lakini kwa nini bomba langu na si la jirani, tena wiki hii niliyofiwa? Swali ni halali. Sehemu yake kubwa anaijibu fundi: nyumba iko mlimani, bomba limepandishwa juu ya mlango na kushushwa tena, hewa imenasa pale juu, na jirani ameweka valvu ya kuitoa. Kinachobaki ni kule kukutana kwa msiba na sauti. Hilo ndilo lililojitokeza Madina, na huko jibu lilikuwa kukataa kuviunganisha.

Wengine watauliza: kuna ubaya gani? Dua haina ubaya, isomwe usiku na mchana. Ubaya uko kwenye kutaja. Hutajwa kwanza jini, kisha anayedaiwa kumtuma: mama mkwe, mpangaji wa chumba cha uani, dada wa kazi aliyeingia mwezi uleule. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu uliotokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Macho yalikuwa mekundu kweli. Sababu ndiyo iliyozuliwa. Mkristo amekatazwa katika Amri Kumi kumshuhudia jirani yake uongo, na Mwislamu ameonywa katika Sura ya Al-Hujurat ajiepushe na dhana. Kuguna kwa koki hakumruhusu yeyote kuyavunja makatazo hayo. Basi muumini anayesikia sauti usiku na amtaje Mungu, kisha afungue koki taratibu hewa itoke, abane bomba, abadilishe kipira kilichochakaa, atazame boya. Na hata mafundi wote wakishindwa, atakuwa na bomba asilolielewa; hatakuwa na ushahidi dhidi ya mtu.