Aliyechagua Kabla Yetu

Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi. Viazi vyake vilikuwa vikiagizwa kutoka nje, shehena ikachelewa, na wateja wakaombwa wachague kitu kingine cha kula na kuku. Haya yalitokea katika nchi ambayo Nyandarua na Meru hulima viazi kwa magunia yasiyohesabika. Kampuni ilieleza kwamba kila anayeiuzia viazi lazima kwanza apite ukaguzi wake wa ubora wa kimataifa. Watu walighadhibika mitandaoni, zikatolewa ahadi za kuzungumza na wakulima wa nyumbani, kisha gumzo likazima. Nadhani tuliliacha mapema mno.

Aliyeingia mgahawani siku ile alikuwa huru. Hakushikiwa fimbo ale chipsi, wala mkulima wa Nyandarua hakukatazwa kulima. Hata hivyo uamuzi mzito kuliko yote kuhusu sahani ile, yaani kiazi cha aina gani na kutoka shamba la nani, ulikuwa umekwishapitishwa na watu ambao mlaji na mkulima hawatakutana nao maishani. Tumezoea kupima uhuru kwa kuhesabu vitu vilivyopangwa mbele ya mchaguaji: rafu ikiwa ndefu, basi tuko huru sana. Kipimo hicho kinatupotosha. Kabla ya mtu kuteua kimojawapo, kuna aliyeamua vipi viwepo. Kampuni kubwa za chakula hazina haja ya kumlazimisha yeyote. Nguvu yao imekaa pale mwanzo, kabla sisi hatujafika, na ndiyo sababu tunaiona kama hali ya kawaida ya dunia badala ya kuiona kama nguvu.

Kuna pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Nani basi aliyewahi kuchagua tangu mwanzo? Mtoto aliyezaliwa kwenye ulezi alikula ulezi. Mahindi yenyewe, ambayo leo hatuwezi kuwaza ugali bila hayo, yalitoka Amerika na kuingia pwani yetu enzi za Wareno. Kila kizazi hurithi chakula ambacho hakikukiamua. Ni kweli. Lakini urithi ule ulikuwa unarekebishika. Mama aliyeona suke moja la mtama limestahimili ukame alilitenga, akalitundika juu ya meko lipate moshi, msimu uliofuata akalipanda na kumgawia jirani. Alikuwa anaandika upya orodha aliyoikuta, bila kuomba idhini ya mtu. Kwangu mimi uhuru wa chakula umo katika uwezo huo wa kurekebisha kuliko katika wingi wa vyakula.

Uwezo huo haukuondolewa kwa hila peke yake. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611, na wakulima wa Kenya waliipokea kwa furaha kwa sababu ilizaa kuliko walichokuwa nacho. Aliyejaza ghala kwa mbegu ile hakudanganywa. Ila chotara ina sharti lake: ukipanda punje ulizovuna, kizazi cha pili hupungua nguvu, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Tena mmoja wa wazazi wa H611 ni mahindi yaliyokusanywa Ecuador, ambako wakulima walikuwa wameyachagua vizazi na vizazi. Kazi yao ilikuwa ya bure. Gharama huanza kuandikwa pale tu mbegu inapopita mikononi mwa mwenye leseni.

Na mikono hiyo imekuwa michache. Mwaka 2017 ChemChina iliinunua Syngenta, na Dow ikaungana na DuPont, muungano uliozaa Corteva. Mwaka 2018 Bayer iliinunua Monsanto kwa takriban dola bilioni 63. Hizi ni kampuni zinazouza mbegu pamoja na dawa za kunyunyizia mbegu hizohizo.

Kesi iliyonifumbua macho zaidi ni ya Vernon Hugh Bowman, mkulima wa Indiana, Marekani. Alinunua soya kwenye ghala la nafaka la eneo lake, soya ambazo kwa kawaida huliwa au hulishwa mifugo, akazipanda. Nyingi zilikuwa na sifa ya kuhimili dawa ya magugu ambayo Monsanto ilikuwa na hataza yake. Akapulizia dawa, zilizosalia akazivuna, akaweka akiba ya kupanda tena. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, iliamua kwamba amevunja hataza. Utetezi wake kwamba soya hujizalisha zenyewe ulikataliwa: ni yeye aliyepanda, kwa hiyo ni yeye aliyetengeneza nakala.

Kisheria hoja hiyo inasimama imara, na ndiyo inayonitisha. Kupanda, tendo lililomfanya binadamu kuwa mkulima, limegeuka kunakili mali ya mtu. Anayegundua kitu anastahili malipo, sikatai, kwa maana utafiti wa mbegu huchukua miaka na fedha. Lakini malipo ya kazi iliyofanyika ni jambo moja, na kumiliki kila mwanzo mpya utakaotokana na kazi hiyo ni jambo jingine kabisa. Anayemiliki mwanzo huamua pia kipi kisianze.

Kenya ilifika mbali zaidi bila hataza yoyote. Chini ya sheria yake ya mbegu, hasa baada ya marekebisho ya 2012, mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa aliweza kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuzuia mbegu bandia, na mbegu bandia kweli zimewaumiza wakulima wengi. Ila tapeli anayefunga punje za sokoni kwenye pakiti yenye nembo si sawa na bibi anayempa jirani kibaba cha kunde. Sheria iliwaweka kapu moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikatamka kwamba vifungu vilivyowabana vinakiuka Katiba.

Nilifurahi. Lakini haki ya kubadilishana mbegu inamfaa mwenye mbegu, na mashamba mengi yamekwisha kupoteza uwele na mtama wake pamoja na watu waliojua kuuchagua. Sampuli zimehifadhiwa kwenye baridi katika benki ya mbegu ya taifa huko Muguga. Zitolewe, zizidishwe, ziwafikie wakulima kwa kilo na si kwa vipakiti vya maonyesho, wazichague wenyewe chini ya mvua za sasa ambazo hazifanani na za zamani. Na serikali, ambayo hununua chakula cha shule, magereza na hospitali, iandike ulezi na mtama katika zabuni zake, kwa sababu mbegu ambayo mavuno yake hayana mnunuzi haimalizi misimu mitatu shambani.